Mwavuli Ndio Uliowasogeza: Kisu na Mapigano ya Ana kwa Ana ya Askari wa Miavuli wa Ujerumani

Kisu cha askari wa miavuli wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kimesimuliwa kuliko kilivyotumika. Minadani huuzwa kwa bei kubwa, filamuni huchomolewa gizani kimyakimya, na katika vitabu vya masimulizi ya vita hutajwa kama alama ya mtu aliyefunzwa kuua kwa mkono wake. Naona picha hiyo imeweka mambo kichwa chini miguu juu. Kwamba askari hao walipigana kwa karibu, tena kwa ukali wa kutisha, hakuna anayebisha; Uholanzi, Krete na Monte Cassino ni ushahidi tosha. Lakini kilichowasogeza hadi wakamwona adui uso kwa uso si kisu, wala si mafunzo ya kisu. Ni mwavuli. Aina ya mwavuli waliopewa ndiyo iliyowashusha wametawanyika, bila bunduki mkononi, mara nyingine juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiwasubiri. Na kisu chenyewe kilibuniwa kwanza kabisa ili kumnasua mtu katika kamba za mwavuli huo. Anayetaka kukielewa kisu hicho itambidi aanze na kamba.

Kikosi hicho kilianza mapema mwaka 1936, Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, alipoamuru wakusanywe askari wa kujitolea kutoka rejimenti iliyobeba jina lake. Shule ya kuruka ilifunguliwa Stendal, magharibi mwa Berlin, na tarehe 11 Mei 1936 Meja Bruno Bräuer akaruka kwa mara ya kwanza kutoka ndege ndogo. Mwaka 1938 jukumu la kuwakuza likaangukia kwa Jenerali Kurt Student. Mwavuli waliopewa, uliopitia matoleo kadhaa yenye alama RZ, ulikuwa na kasoro moja iliyozaa nyingine zote: kamba zake zilikusanyika mahali pamoja nyuma ya mgongo, katikati ya mabega, badala ya kugawanyika juu ya mabega yote mawili kama ilivyokuwa kwa miavuli ya Waingereza na Wamarekani. Mrukaji alining'inia akiwa ameinamia mbele, uso ukitazama ardhi, na mikono yake haikuzifikia kamba. Hakuweza kuuelekeza mwavuli wala kuchagua pa kutua. Alitua kwa magoti na viganja, kisha akajibiringisha mbele, na ndiyo sababu alivishwa pedi nene magotini. Mtu anayetua kwa namna hiyo hawezi kushuka na bunduki ndefu mwilini. Basi bunduki, bombomu na risasi zilipakiwa kwenye makasha yaliyodondoshwa kwa miavuli yao peke yao, na askari akashuka na bastola, mabomu machache ya mkono na, kwa baadhi, bunduki fupi ya rashasha. Waliruka kutoka mita mia moja na ushee tu juu ya ardhi ili wasikae sana hewani. Alipogusa chini, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua bizimu za mikanda, ambazo katika matoleo ya mwanzo zilikuwa ngumu kufunguka, huku upepo ukiuvuta mwavuli na risasi zikipita. Kazi ya pili ilikuwa kulitafuta kasha la silaha.

Kisu kilikusudiwa dakika hizo. Kilianza kutolewa jeshini miaka ya mwisho ya 1930, kikitengenezwa Solingen, mji wa Ujerumani uliojulikana kwa visu na panga tangu karne za kati, na kampuni za Paul Weyersberg na SMF zilikuwa miongoni mwa watengenezaji wake. Bapa lake, lenye urefu wa sentimita 10 hivi na makali upande mmoja, limefichwa ndani ya mpini. Askari anauelekeza mpini chini, anabonyeza wenzo mdogo, na bapa linateremka kwa uzito wake lenyewe. Akiuachia wenzo, bapa linakazwa lisirudi. Pembeni mwa mpini unakunjuka msumari mnene wa kufungulia mafundo, wa aina waliyoitumia mabaharia wa vyombo vya matanga. Kiliwekwa katika mfuko maalumu ulioshonwa kwenye paja la kulia la suruali ya kurukia, kikafungwa kwa kamba kisipotee hewani. Kila sehemu ya umbo hilo inasema kilitakiwa kufanya nini. Kinafunguka kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili huenda umevunjika au umebanwa na kamba. Bapa limefichwa ili anayetua kifudifudi asichomwe na kisu chake mwenyewe. Msumari upo kwa sababu fundo lililokazwa na uzito wa mtu halifunguki kwa vidole. Kisichokuwepo nacho kina maana: hakuna kizuizi kati ya mpini na bapa, kile kinachokinga vidole visiteleze juu ya makali mtu anapochoma kwa nguvu. Kwa anayekata kamba hilo halina madhara. Kwa anayekusudia kuchoma mwili wa mtu, tena kwa mkono uliolowa jasho na damu, ni upungufu mkubwa, na mafundi wa Solingen hawakuwa watu wa kusahau jambo kama hilo.

Mafunzo yao yanaelekeza huko huko. Kuruti alipitia kwanza mafunzo ya askari wa miguu, kisha kozi ya kuruka ya wiki mbili na ushee, na alihitimu baada ya kuruka mara sita. Alijifunza kuukunja mwavuli wake mwenyewe, kujibiringisha mbele kutoka juu ya majukwaa, na kuudhibiti mwavuli uliotua: aliburutwa uwanjani na upepo wa injini ya ndege hadi ajue kuinuka, kukimbia kuuzunguka na kuulaza. Ngumi na mieleka zilikuwemo, na singe pia, kama ilivyokuwa katika majeshi mengi ya zama zile. Ujerumani ilikuwa na walimu wa jujitsu tangu mwanzoni mwa karne, na polisi wa Berlin walikuwa wakifundishwa mchezo huo. Michezo hiyo ilisaidia kumjengea mtu uthubutu, kumtoa hofu ya kugusana na adui, kumzoesha maumivu. Sioni sababu ya kuidharau. Lakini muda mrefu na uchovu mwingi ulikwenda kwenye mambo mengine: kukusanyika haraka baada ya kutua, kufanya kazi katika kundi dogo ofisa akiwa ameuawa, kutumia baruti, kurusha bomu la mkono na kulifuata mbio kabla moshi haujatulia, na kupiga shabaha kwa silaha ya adui iliyotekwa. Hayo ndiyo mambo ambayo askari aliyetua bila bunduki yake anayahitaji ili aione jioni.

Mtu atapinga akisema kwamba Wajerumani walikuwa na mila ndefu ya mapigano ya mahandaki, na kwamba askari wa miavuli waliirithi. Ni kweli waliirithi. Kuanzia mwaka 1915 jeshi la Ujerumani liliunda vikosi vya uvamizi, maarufu zaidi kikiwa kile cha Kapteni Willy Rohr, vilivyopenya mahandaki ya Wafaransa kwa makundi madogo. Wanavikosi hao walibeba visu vifupi, na wengi walilinoa sepetu la kuchimbia likawa kama shoka. Lakini tukiuliza mtu aliumizwa na nini hasa katika vita ile, tarakimu zinaisuta mila. Madaktari wa jeshi la Uingereza walipochambua sampuli ya majeruhi zaidi ya 200,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, waligundua kuwa mizinga na makombora yalisababisha karibu asilimia 59 ya majeraha, risasi karibu asilimia 39, mabomu ya mkono asilimia mbili na kidogo, na singe theluthi moja hivi ya asilimia moja. Inaweza kujibiwa kwamba waliochomwa walikufa pale pale, hawakufika hospitalini wahesabiwe. Hoja hiyo ina uzito kiasi, lakini hata tukiizidisha idadi ya singe mara kumi, bado haizifikii risasi kwa mbali. Urithi wenyewe wa vikosi vya Rohr, ule uliofanya kazi, ulikuwa kundi dogo lenye mabomu ya mkono, bombomu nyepesi na uhuru wa kujiamulia. Kisu kilikuwa kando ya hayo.

Tukio linalopima jambo hili vizuri zaidi ni la Eben-Emael. Alfajiri ya 10 Mei 1940, kundi la askari 80 na ushee walitua juu ya paa la ngome hiyo ya Ubelgiji, iliyolinda madaraja ya Mfereji wa Albert na yenye askari mamia kadhaa ndani. Hakuna pambano la karibu zaidi ya hilo: washambuliaji walisimama juu ya vichwa vya watetezi, zege tu ikiwatenganisha. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa siri Hildesheim tangu mwishoni mwa mwaka 1939, na wakajaribu mbinu zao kwenye ngome zilizotwaliwa kutoka Chekoslovakia. Wangechagua zana gani watu waliopewa nusu mwaka wa kujiandaa kwa shambulio moja? Walichagua baruti iliyoundwa kwa shimo la umbo la faneli, ili nguvu yake yote ielekee upande mmoja na kupenya chuma. Kubwa zaidi zilikuwa na uzito wa kilo 50. Walichukua mitambo ya kurushia moto na mabomu ya mkono. Na hawakutumia mwavuli. Walishuka kwa ndege zisizo na injini, zilizovutwa angani kisha zikaachiwa zielee kimya, kwa sababu ndege hizo ziliwashusha watu wa kundi moja mahali pamoja, silaha zikiwa mikononi. Mizinga mikuu ya juu ilinyamazishwa ndani ya dakika chache, ngome ikasalimu amri siku iliyofuata, na waliokufa katika kundi la Luteni Rudolf Witzig walikuwa sita. Wapangaji wa shambulio hilo walijua udhaifu wa mwavuli wao, na walipokuwa na hiari waliukwepa.

Katika kisiwa cha Krete nchini Ugiriki, walio wengi hawakuwa na hiari hiyo. Asubuhi ya 20 Mei 1941, ndege za Junkers zilianza kuwamwaga maelfu ya askari juu ya kiwanja cha ndege cha Maleme na mabonde ya karibu na Chania; mchana wimbi la pili likashuka Rethymno na Heraklion. Jenerali Bernard Freyberg alikuwa na Wanyuzilandi, Waaustralia, Waingereza na Wagiriki zaidi ya 40,000, wengi wamechoka na hawana silaha nzito, lakini wakijua kuwa adui angekuja kutoka juu. Batalioni ya tatu ya Rejimenti ya Uvamizi ilidondoshwa mashariki mwa Maleme, moja kwa moja juu ya Wanyuzilandi waliojificha katika mizeituni. Kati ya watu wake wapatao 600, karibu 400 waliuawa. Wengine walipigwa wakiwa bado hewani, wengine wakihangaika na bizimu, wengine wakikimbilia makasha ya silaha yaliyoangukia mahali palipokwisha kushikwa na adui. Hapo ndipo penye mapigano ya ana kwa ana ya askari wa miavuli kwa maana yake kamili: mtu mwenye bastola na mabomu mawili matatu, amelala nyuma ya ukuta wa shamba la mizabibu, umbali wa hatua thelathini kutoka kwa mtu mwenye bunduki na singe. Hakuchagua ukaribu huo. Na katika ukaribu huo kisu cha sentimita 10 hakikuwa msaada. Kilichowaokoa walionusurika ni bomu la mkono, rashasha, silaha walizopora, na hatimaye uamuzi wa usiku wa Luteni Kanali Leslie Andrew wa Nyuzilandi kuondoa batalioni yake kwenye kilima cha 107 juu ya Maleme, uamuzi uliowapa Wajerumani kiwanja cha ndege na njia ya kuleta askari wa milimani kwa ndege.

Katika kikosi kilichoruka siku hiyo alikuwemo mtu ambaye angetosha kuijaribu imani ya mapigano ya mwili, kama ingekuwa na ukweli. Max Schmeling, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu kati ya 1930 na 1932, aliyemwangusha Joe Louis mjini New York mwaka 1936, aliruka Krete akiwa na umri wa miaka 35. Katika Ujerumani nzima pengine hakuwepo mwili uliozoezwa kugusana na adui kuliko wake. Aliumia katika kutua, kisha akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akaishia hospitalini. Magazeti ya nje yaliandika kwamba ameuawa. Ngumi zake hazikupata pa kufanyia kazi, kwa kuwa mwavuli ule haukumpa nafasi ya kuchagua namna ya kutua. Akihojiwa baadaye na mwandishi wa Kimarekani, hakukubali kuyaunga mkono madai ya ukatili wa Waingereza dhidi ya askari waliotekwa, jambo ambalo propaganda ya Berlin ilikuwa ikilihitaji sana. Naliheshimu hilo kuliko ubingwa wake.

Kuna atakayesema kwamba makali yaliua watu Krete, na huo ni ukweli usiofaa kupitwa. Ila tuangalie yalikuwa mikononi mwa nani. Wakazi wa kisiwa walitoka na mashoka, miundu, visu vya uwindaji na bunduki za mababu wakawaendea askari waliokuwa wamenaswa mitini. Hawakufanya hivyo kwa kuwa walipenda makali. Serikali ya Ugiriki chini ya Metaxas ilikuwa imekusanya bunduki zao baada ya uasi wa mwaka 1938, na divisheni ya wanajeshi wa Krete yenyewe ilikuwa imekwama bara baada ya vita dhidi ya Waitalia huko Albania, kwa hiyo vijana wenye mafunzo hawakuwepo. Chania ulikuwa mji wa mafundi visu, nao walitumia walichokuwa nacho. Upande mwingine kulikuwa na singe za Wanyuzilandi waliouingia mji mdogo wa Galatas jioni ya 25 Mei, na za batalioni ya Wamaori na Waaustralia waliopiga mbio kwenye barabara iliyoitwa Mtaa wa 42 tarehe 27 Mei, wakawatimua askari wa milimani wa Ujerumani kwa umbali mrefu. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, na sitaki kuyapunguza. Hata hivyo wengi walioanguka katika mbio za aina hiyo walipigwa risasi kwa karibu wakikimbia au wakisita. Kazi kuu ya singe ilikuwa kumfanya adui aamini kwamba yule anayekuja hatasimama. Miaka mitatu baadaye, karibu na Carentan nchini Ufaransa, Luteni Kanali Robert Cole wa Marekani aliamuru shambulio la singe dhidi ya askari hao hao wa miavuli wa Ujerumani, yeye akianza mbio akiwa na bastola mkononi. Katika mifano yote hiyo, Wajerumani ndio waliokuwa upande wa kushambuliwa kwa makali.

Hadithi ya kisu iligharimu maisha huko Krete. Askari walipowakuta wenzao wamekufa na miili imeharibika, uvumi ukaenea kwamba wakulima walikuwa wakiwakatakata majeruhi. Uchunguzi ulioendeshwa na Wajerumani wenyewe ulikuta visa vichache, karibu vyote vikiwa vimetendwa baada ya mtu kufa. Lakini tarehe 31 Mei, kabla uchunguzi haujasema chochote, Student alikwisha kuamuru visasi: kuua watu kwa risasi, kutoza faini, kuchoma vijiji, bila kusubiri mahakama. Tarehe 2 Juni askari wa miavuli waliwakusanya wanaume wa kijiji cha Kondomari katika shamba la mizeituni wakawapiga risasi. Franz-Peter Weixler, mwandishi wa picha aliyekuwa na kikosi, alipiga picha za tukio hilo tangu wanaume wakitenganishwa na familia zao hadi miili ikiwa chini, na kwa picha hizo akashitakiwa na dola yake kwa uhaini. Siku iliyofuata kijiji cha Kandanos kilibomolewa na watu wake wapatao 180 wakauawa. Bräuer, yule mrukaji wa kwanza, alikuja kuwa kamanda wa kisiwa. Wagiriki walimhukumu kifo na kutekeleza hukumu hiyo tarehe 20 Mei 1947, siku ile ile ya kumbukumbu ya uvamizi. Student alishitakiwa na Waingereza kuhusu wafungwa wa vita, lakini hukumu yake haikuthibitishwa. Nayataja haya kwa sababu mtu akiandika juu ya sanaa ya kupigana kwa kisu ya kikosi hiki na kuiacha Kondomari, ameacha uuaji wa karibu zaidi ambao kikosi hicho kiliufanya. Ulifanywa kwa bunduki, dhidi ya watu wasio na kitu mkononi.

Jeshi la anga lenyewe lilisoma nini kutoka Krete? Hitler alimwambia Student kwamba siku za askari wa miavuli zimekwisha, na mashambulio makubwa kutoka angani yakakoma. Mafundi nao hawakuombwa kutengeneza kisu kirefu zaidi. Waliombwa kutengeneza bunduki ambayo mtu angeweza kushuka nayo, yenye nguvu ya bunduki ya kawaida na kasi ya rashasha, na kampuni ya Rheinmetall ikaleta FG 42. Chini ya mtutu wake ilikuwa na singe nyembamba kama msumari, na wapenzi wa makali huishika hiyo kama ushahidi. Lakini atazame mtu uwiano: silaha nzima ilijengwa kwa ajili ya risasi, na singe ikapachikwa mahali palipobaki. Bunduki hizo zilitengenezwa kwa maelfu machache tu, na zilionekana hadharani mara ya kwanza kwenye tukio la kumtoa Mussolini kizuizini kwenye mlima wa Gran Sasso nchini Italia mwezi Septemba 1943, ambako hakuna aliyehitaji kuzifyatua kwa mapambano.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote bado halijajibiwa. Visu vya kupigania vilikuwepo. Jeshi la Ujerumani, na jeshi la anga likiwemo, lilitoa visu vifupi vya bapa lisilokunjika, vyenye ala ya chuma yenye kibanio cha kushikia kwenye buti au mkanda, na picha nyingi za miaka ya mwisho ya vita zinawaonyesha askari wakiwa navyo. Tena mwezi Novemba 1942 Hitler aliweka nishani maalumu ya mapigano ya ana kwa ana, ya shaba kwa siku 15 za mapigano hayo, ya fedha kwa 30 na ya dhahabu kwa 50. Za dhahabu zilizotolewa zinahesabiwa kuwa mia sita na ushee tu, na jeshi la anga likapewa toleo lake Novemba 1944. Mtu anayesema kwamba mapigano hayo hayakuwepo anawakosea hata waliokufa humo. Swali langu ni jingine: siku ya mapigano ya ana kwa ana, kwa kanuni za nishani hiyo, ilikuwa nini? Ilikuwa siku ambayo askari wa miguu, bila kifaru mbele yake, alimfikia adui kwa silaha za umbali mfupi, na bomu la mkono na rashasha vilihesabiwa sawa na singe na sepetu. Nishani haimtaji aliyechoma, inamtaja aliyefika. Na tuangalie wakati. Visu vya bapa lisilokunjika vinaonekana kwa wingi kwa askari wa miavuli pale wanapoacha kuruka: kwenye mto Neva karibu na Leningrad, katika vifusi vya Cassino mwaka 1944 chini ya Jenerali Richard Heidrich, katika vichochoro vya Normandy, ambako wengi wa waliobeba jina hilo hawakuwahi kupanda ndege kwa ajili ya kuruka. Kwa wakati huo walikuwa askari wa miguu, na walibeba alichobeba askari wa miguu, kisu kikifungua makopo na kukata mkate siku nyingi kuliko siku ambayo kiliguswa kwa hasira.

Ukitaka kuona kisu kilichobuniwa kwa kuua, kiko upande wa Waingereza. William Fairbairn na Eric Sykes, waliowahi kuwa katika polisi ya Shanghai, walichora kisu cha makomando ambacho Wilkinson Sword wa London walianza kukitengeneza mwaka 1941: chembamba, makali pande mbili, ncha kali, kizuizi cha vidole. Makomando walihitaji kitu hicho kwa sababu ya kazi yao: walitua ufukweni usiku, wachache, na mlinzi aliyepiga kelele angeharibu kila kitu. Askari wa miavuli wa Ujerumani walishuka mchana kweupe au alfajiri, kwa mamia na maelfu, kwa ngurumo za injini. Hapakuwa na mlinzi wa kunyamazishwa, kwa kuwa bonde zima lilikwisha kuamka. Jeshi halichagui zana kwa tabia ya taifa, huchagua kwa saa na njia ya kufika. Ndiyo maana naona ni makosa kumpima Mjerumani kwa kisu cha Fairbairn, kana kwamba kila kikosi cha hiari kilipaswa kuwa na chake. Waingereza wenyewe walikithamini kisu cha kuteremka kwa uzito, na kampuni ya Ibberson ya Sheffield ilitengeneza nakala yake wakati wa vita.

Kwa nini basi sheria ikaja kukiogopa? Uingereza ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa visu vya aina hiyo mwaka 1959, na Ujerumani yenyewe ikaviweka katika orodha ya silaha zilizokatazwa kwa raia mwaka 2003. Wabunge hawakuwa wakifikiria miavuli. Walikuwa wakifikiria vijana wa mitaani, ambao kwao sifa ile ile iliyomfaa aliyevunjika mkono, ya kufichika kiganjani na kufunguka kwa kidole kimoja, ina matumizi mengine. Jeshi la Ujerumani Magharibi liliendelea kuwapa askari wake kisu cha muundo huo baada ya kuundwa upya miaka ya 1950, msumari wa mafundo ukiwa mahali pake. Na wanaoruka kwa miavuli leo, raia kwa wanajeshi, wengi wamekiacha hata hicho. Hubeba kikatio kidogo chenye umbo la ndoana, makali yakiwa upande wa ndani wa mkunjo, hakina ncha kabisa. Hukivuta juu ya kamba iliyojiviringisha, nayo hukatika.